Lupu za papo kwa papo: wanagenzi wa Bagamoyo wanaambiwa nini, na ukweli ni upi

Mpiga zeze au mpiga ngoma wa Bagamoyo anayefungua Pure Data au VCV Rack, programu za kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya, kwa mara ya kwanza ili atengeneze lupu (kipande cha sauti kinachojirudia) huwa ameshajazwa ushauri. Ameambiwa atafute laptop ya bei mbaya, anunue pedali, ajifunze kuandika programu, na asahau midundo ya nyumbani kwa kuwa kompyuta inataka nne kwa nne. Ushauri huo unampeleka kusiko. Kinachoharibu lupu za mwanagenzi mara nyingi ni muda: urefu wa lupu, ucheleweshaji wa sauti, na mshono unaounganisha mwisho na mwanzo. Mambo hayo matatu ukiyashika, hata kompyuta ya kawaida inatosha.

"Programu itanisawazishia lupu yenyewe."

Haisawazishi. Inazungusha ulichoipa, kwa urefu ulioupa. Ukichelewa milisekunde 40 kubonyeza kitufe cha kumaliza kurekodi, lupu yako ni ndefu kwa milisekunde 40. Baada ya mizunguko 15 imeachana na saa ya programu kwa sekunde 0.6, ambalo ni pigo zima katika mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Mpigaji anadhani mkono wake ni mbovu, kumbe tatizo ni hesabu.

Kwa hiyo piga hesabu kabla hujagusa maiki. Katika mwendo wa 100, pigo moja ni sekunde 0.6. Kipimo cha mapigo manne, au baa kama wengi wanavyosema studio, ni sekunde 2.4, baa nne ni sekunde 9.6. Kadi ya sauti ikiwa kwenye sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, lupu hiyo ni sampuli 460,800 kamili.

Sasa fungua ukurasa mtupu wa Pure Data, programu ya bure. Weka kisanduku cha "table mzunguko 460800". Hiyo ndiyo kanda yako. Weka "metro 9600", saa inayotoa kengele, yaani ujumbe wa kuanzisha, kila milisekunde 9,600, na swichi ya kuiwasha, na uunganishe metro na "tabplay~ mzunguko" inayocheza kanda, kisha tabplay~ iende "dac~", yaani kwenye spika. Upande wa kurekodi, "adc~ 1", yaani sauti ya maiki, inaingia "tabwrite~ mzunguko" inayorekodi. Kati ya metro na tabwrite~ weka "spigot", ambayo ni lango, na swichi yake upande wa kulia.

Ukifungua lango, hakianzi kitu mpaka metro ipige mwanzo wa mzunguko unaofuata. Hapo tabwrite~ inarekodi sampuli zote 460,800 na kusimama yenyewe. Mkono wako haukuhusika na urefu wa lupu hata kidogo. Kosa la hapa ni kusahau kufunga lango: mzunguko unaofuata unafuta ulichopiga sasa hivi. Funga mara tu kurekodi kunapoanza.

Angalia pia kasi ya sampuli kwenye mipangilio ya sauti. Table iliyopimwa kwa 44,100, yaani sampuli 423,360, ikichezwa kwenye 48,000 inaisha baada ya sekunde 8.82, na unabaki na shimo la kimya la sekunde 0.78 kila mzunguko. Ukikutana na shimo la namna hiyo, usihangaike na nyaya. Kagua namba hizo mbili kwanza.

"Kuchelewa kidogo hakusikiki."

Kwa safu moja (lupu moja kati ya zinazochezwa pamoja), ndiyo. Kwa safu nne, inasikika vibaya. Sauti ya lupu inachelewa kutoka kwenye kompyuta, na sauti yako inachelewa kuingia. Jumla ikiwa milisekunde 12.5, safu ya pili inakaa milisekunde 12.5 nyuma ya ya kwanza. Ukiifuata hiyo ya pili kwa sikio, ya tatu iko nyuma kwa 25, na ya nne 37.5. Kwa sauti ndefu ya zeze unaweza kuvumilia. Kwa ngoma mbili zinazotakiwa kugonga pamoja, unasikia pigo limegawanyika.

Ucheleweshaji unapimwa, haukisiwi. Tengeneza table ndogo ya sampuli 4,800, ambayo ni milisekunde 100. Chukua waya toka tundu la kutolea sauti la kadi uingize kwenye tundu la kuingizia. Kengele moja ianzishe vitu viwili kwa pamoja: tabwrite~ ya table hiyo, na ujumbe "1, 0 5" kwenda "line~" (inayosogeza thamani kwa muda unaoutaja) kisha "dac~", ambao unatoa mlio mfupi. Bofya table uangalie mchoro. Mlio ukitokea kwenye robo ya upana, umechelewa sampuli 1,200, yaani milisekunde 25. Ukitokea kwenye moja ya nane, ni sampuli 600.

Tuseme umepata 600. Ongeza table kubwa hadi sampuli 461,400, na badala ya kengele tupu, metro iipelekee tabplay~ ujumbe "600 460800": anza kusoma kwenye sampuli ya 600, cheza sampuli 460,800. Safu zote zinakaa mahali pake. Kabla ya hapo, punguza namba ya ucheleweshaji kwenye mipangilio ya sauti ya Pure Data mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha ipandishe kidogo. Ukiibadilisha tena siku nyingine, pima upya.

"Tiki inayosikika kila mzunguko ni ubovu wa maiki."

Ni mshono. Wimbi la mwisho wa lupu halikutani na wimbi la mwanzo, na ule mruko wa ghafla unasikika kama tiki. Dawa ni kupandisha sauti polepole mwanzoni na kuishusha mwishoni kwa kuizidisha na line~: "0, 1 2" metro inapopiga, na "0 10" baada ya "delay 9590". Kwa ngoma, milisekunde 2 za kupanda zinatosha. Ukiweka 20, unakula ukali wa pigo la kwanza, na hilo ndilo pigo la kuchezea. Kwa zeze au sauti ya kuimba, utasikia sauti ikizama kidogo kwenye mshono. Anza na kumaliza lupu mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi.

"Safu mpya hurekodiwa juu ya ya zamani."

Inawezekana, na vifaa vingi vya lupu vinafanya hivyo. Kwa anayejifunza tunashauri kila safu iwe na table yake: mzunguko1, mzunguko2, na kuendelea. Table ya sekunde 9.6 haifiki megabaiti 4, kwa hiyo kumbukumbu si hoja. Ukikosea safu ya tatu unaifuta peke yake. Safu zikijumlishwa sauti inapanda pia: mbili zinazofanana kabisa zinaongeza desibeli 6, nne zinaongeza 12. Rekodi kila safu kilele chake kikiwa karibu na desibeli 12 chini ya ukomo. Usisikilize kwa spika huku maiki iko wazi, kwa sababu safu ya pili itaibeba ya kwanza ndani yake. Vaa hedifoni za kufunika sikio. Na kama kuna mngurumo, chomoa chaja ya laptop ujaribu kwa betri. Mngurumo mdogo kwenye safu moja unakuwa mkubwa kwenye safu tano.

"Otomesheni ni kazi ya studio, baada ya kurekodi."

Otomesheni ni maagizo tu ya thamani inayobadilika kwa muda, na jukwaani ndiyo inayokuachia mikono miwili kwa ajili ya ngoma. Ujumbe "0.2 9600" kwenda line~ unashusha sauti ya safu hadi 0.2 kwa mzunguko mmoja kamili, bila mtu kugusa kitelezi.

Kwenye filta, yaani kichujio cha masafa ya sauti, kuna mtego. Mwanagenzi anaandika "300, 3000 9600" apandishe filta kutoka hezi 300 hadi 3,000, halafu analalamika kwamba badiliko limekimbia mwanzoni kisha likalala. Sikio linasikia kwa oktava. Kutoka 300 hadi 600 ni oktava moja, na hapo inapitwa kwa sekunde 1.07, oktava ya mwisho, 1,500 hadi 3,000, inachukua sekunde 5.33. Pandisha kwa namba za noti: "62, 102 9600" kwenda line~, kisha "mtof~" inayogeuza noti kuwa hezi, kisha tundu la katikati la "vcf~ 3", ambayo ndiyo filta. Sasa filta inapanda kwa mwendo ule ule toka mwanzo hadi mwisho.

Nobu za MIDI (lugha ya vifaa vya muziki na kompyuta) za kawaida zina hatua 128 tu, 0 hadi 127. Ukizungusha polepole unasikia ngazi. Pitisha thamani kwenye line~ ya milisekunde 20, ngazi zinalainika.

"Nyaya nyingi, muziki mzuri."

Hapana. Katika VCV Rack kila waya unachelewesha ishara kwa sampuli moja, na ishara ya saa ikipita njia ndefu kuliko ishara ya kuanza upya, hatua ya kwanza inaweza kurukwa. Anza na moduli tano, yaani visanduku vitano.

"Ngoma zetu haziingii kwenye kompyuta."

Kompyuta inahesabu sampuli, haijui nne kwa nne. Mdundo wa mapigo manne yenye vipande vitatu vitatu, katika mwendo wa 100, una baa ya sekunde 2.4 ile ile. Gawa pigo kwa tatu, metro ya vipande iwe 200. Ikiwa mpiga ngoma hataki kufuata saa, na wengi hucheza vizuri zaidi bila saa, mwache atangulie. Rekodi kwenye table ndefu, pima urefu wa baa nne toka pigo zito hadi pigo zito. Ukipata sekunde 8.73, gawanya 960 (mapigo 16 mara sekunde 60) kwa 8.73: mwendo wake ni 110. Metro iwe 8727, na kuanzia hapo kompyuta ndiyo inayomfuata mpiga ngoma.