Saratani ya ukoo haifuati upande wa mama peke yake

Huku kwetu, kuanzia Newala hadi Nachingwea, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tumezoea kuhesabu ukoo kwa mama. Ndiyo maana husemwa: "Saratani ya titi hupita kwa mama." Mtu akiulizwa hospitalini kama kwao kuna aliyeugua, humtaja mama, mama mdogo na bibi mzaa mama. Shangazi hatajwi kabisa. Kumbe jeni la BRCA1 liko kwenye kromosomu (fungu la DNA ndani ya seli) ya 17 na BRCA2 kwenye ya 13; yakiwa na hitilafu, jeni hizi huongeza hatari ya saratani ya titi, na kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila moja: ya baba na ya mama. Baba mwenye hitilafu anaweza kumrithisha kila mtoto, wa kike au wa kiume, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, hata kama yeye mwenyewe hataugua maisha yake yote. Ukiulizwa, mtaje na shangazi. Na bibi mzaa baba.

"Iko kwenye damu, basi nitaugua." Mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya titi kufikia miaka 80. Ni mkubwa, lakini si wote. Tena saratani zinazoletwa na hitilafu nzito za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya saratani zote. Ile ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, chanzo chake ni kirusi cha HPV, ukoo usisingiziwe.

"Kurithi ni kupata jeni bovu." Mara nyingi jeni ni zima. Takriban asilimia 98 ya DNA yetu haibebi maelekezo ya kutengeneza protini, na humo ndimo zilimo tofauti nyingi za kurithi zinazohusishwa na saratani. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza utendaji wa jeni, kama mtu anavyopandisha na kushusha utambi wa chemli. Chukua ile iitwayo rs6983267, kwenye kromosomu ya 8. DNA ni kama maandishi ya herufi nne, A, C, G na T. Hapo penye herufi G badala ya T, protini iitwayo TCF7L2 hushika DNA kwa nguvu zaidi, na DNA hujikunja hadi sehemu hiyo ikalifikia jeni la MYC, lililo umbali wa herufi zaidi ya 300,000. MYC huhimiza seli kugawanyika. G huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya tezi dume, ila kidogo tu: Waafrika walio wengi wanayo, na wengi wao hawaugui.

"Uvimbe ukishaota, urithi umemaliza kazi." Seli za uvimbe bado zina herufi zilezile za kurithi, juu yake mabadiliko mapya. Kwa aliyerithi hitilafu ya BRCA1, seli ikipoteza ile nakala isiyo na hitilafu, inabaki na ile mbovu. Kwa hiyo kipimo cha damu huonyesha ulichorithi, lakini jeni linafanya kazi kiasi gani ndani ya uvimbe hujulikana kwa kupima kinyama chenyewe.

Kuhusu vipimo vya kubashiri hatari ya saratani kwa kujumlisha mamia ya tofauti ndogondogo za kurithi: data zake nyingi ni za watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika hubashiri vibaya zaidi. Mtu wa Masasi aulize hilo kabla ya kulipia.