Maktaba si stoo ya vitabu

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha wazazi kwenye sekondari anayosoma mpwa wangu. Mambo ya michango na chakula yalipokwisha, mkuu wa shule akatutembeza. Tulisimama mbele ya mlango wenye kufuli mbili, juu yake pameandikwa MAKTABA kwa rangi ya bluu, tukamsubiri mwenye funguo. Ndani kulikuwa na maboksi yaliyopangwa hadi karibu na dari, mengine hayajakatwa hata utepe. Nikasoma ubavuni mwa boksi moja: Jiografia, Kidato cha Tatu. "Maktaba yetu iko salama, hakuna kitabu kilichopotea," mkuu akasema, na wazazi wakapiga makofi. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jioni huazima simu ya mama yake ili apokee picha za kurasa za Jiografia kutoka kwa mwenzake mwenye kitabu.

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari. Neno maktaba nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, tena na watu wazuri wanaozipenda shule zao, nikaona niandike.

Maktaba ya shule ni vitabu na maandiko mengine yaliyochaguliwa, yakapangwa kwa utaratibu unaojulikana, yakawekwa mahali ambapo mwanafunzi na mwalimu wanaingia, wanatafuta, wanasoma na kuazima, na pana mtu wa kuwasaidia. Basi. Ukiondoa kimojawapo, kinachobaki kina jina lake jingine.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na ukoo wake tunaishi nao kila siku. Mzizi ni konsonanti tatu, k-t-b, zinazobeba jambo la kuandika. Kitabu ni kilichoandikwa. Katibu ni mwenye kalamu kikaoni. Mkataba ni makubaliano yaliyowekwa kwenye maandishi. Kitabu tulipokipokea tuliiona ile ki- ya mwanzo tukaifanya ndugu wa ki- ya kiti na kisu, tukazaa vitabu. Mwarabu husema kitab kimoja, kutub vingi. Wingi ule wa Kiarabu haukupotea. Umejificha ndani ya mkutubi, mtu wa vitabu, na kila ninapojaza fomu sehemu ya kazi hulifurahia hilo.

Sasa tuitazame ma- ya mwanzo, maana hapa ndipo penye jambo. Hii si ile ma- ya wingi, ya maembe na mawe. Ni kiambishi cha Kiarabu kinachotaja mahali jambo linapotendeka. Mahali pa kudurusu ni madrasa. Mahali pa kuhukumu ni mahakama. Mahali pa kutolea dhabihu ni madhabahu. Maktaba imo kwenye safu hiyo hiyo. Mafaili ya kesi hutunzwa mahakamani, lakini hakuna anayeita kabati la mafaili mahakama. Hakimu na mashahidi wakifungiwa nje, pale pamebaki jengo tu. Madrasa nayo ina mikeka na misahafu, na bado tunaijua kwa sauti za watoto.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami nisizidishe. Jambo lililo ndani ya mzizi ni kuandika, si kusoma. Kwa Kiarabu maktab ni ofisi au meza ya kuandikia, na maktaba hubeba hata duka la vitabu na kalamu. Mswahili anayetembea Muscat anaweza kuona kibao chenye neno hilo, akaingia akitaka kuketi asome, akakuta bei. Sisi tulichukua maana moja, ya mahali pa kusomea na kuazima, tukaishika hiyo.

Na majina ya mahali pa kuwekea vitu hatukuyakosa. Mzizi kh-z-n, wa kuhifadhi na kuweka akiba, ndio uliotupa hazina na mhazini. Tunalo ghala, tunayo bohari, na stoo tumeichukua kwa Waingereza. Wazee wa pwani walikuwa na neno jingine ninalolipenda kuliko yote haya: chuo. Zamani chuo kilikuwa kitabu, na chuo hicho hicho kilikuwa mahali watoto wanapofundishwa. Kitabu na pahala pa kujifunza vilikaa ndani ya neno moja, na hadi leo aliyezama katika elimu ya dini tunamwita mwanachuoni.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras huko India, mwaka 1931 alichapisha kanuni tano za kazi yetu. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Huko nyuma Ulaya vitabu vilikuwa vikifungwa kwa minyororo kwenye rafu ili visiibwe. Lakini mnyororo ule ulimruhusu msomaji akae pale pale, akifungue kitabu, asome. Kufuli ya mlangoni hairuhusu hata hilo. Hapa kwetu chombo cha taifa kinaitwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na neno huduma limo kwenye jina lenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967 ili watu waingie.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye vitabu vya kiada. Hivi ni vile vya somo, ambavyo siku hizi hutungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na lengo ni kila mwanafunzi awe na chake. Shehena ya mia nne ikishushwa inahitaji stoo ya kupokelea, kugonga mihuri na kugawia, hilo ni sawa kabisa. Maktaba ni makazi ya vitabu vya ziada: riwaya, tamthilia, diwani, kamusi, atlasi, wasifu wa watu, magazeti yaliyofungwa pamoja kwa mwaka. Vya kiada vinaweza kuwemo nakala chache za kurejelea. Na jamani, ziada ni ndugu wa kuzidi na zaidi. Ni kile kinachoongeza, wala hakuna makombo ndani yake.

Kinamwongezea nani? Mwalimu kwanza. Mwalimu wetu wa Jiografia alizoea kufundisha usomaji wa ramani kwa kuchora kontua, ile mistari ya mwinuko wa ardhi, ubaoni kwa chaki. Maktaba tunazo karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000, zimelazwa kwenye droo pana, hazikunjwi. Muhula mmoja nilimwomba azimio lake la kazi nikaona wiki aliyoipangia mada hiyo. Siku ilipofika alikuta mezani ramani kumi na mbili, rula, na bunda la uzi wa kushonea. Wanafunzi walikaa wanne wanne, wakaulaza uzi juu ya mto, kila kona mto unapopinda na uzi nao unapinda, kisha wakaunyoosha kwenye rula: sentimita mbili ni kilomita moja. Msichana mmoja alikuwa amepata karatasi yenye kijiji cha bibi yake. Aliinama juu ya ramani muda mrefu, kidole kwenye mistari iliyobanana, halafu akauliza, "Mwalimu, hiki ndicho kile kilima tunachopandia kuni?" Ndicho chenyewe.

Mkutubi hamwandalii mwalimu somo. Anachofanya ni kujua kidato cha tatu watakuwa wapi wiki ya nane, na vitu viwe mezani kabla ya kengele.

Kwa mwanafunzi kuna neno jingine linalotuchanganya: kusoma. Tukisema mtoto anasoma sana, hatujasema kama anashika kitabu kwa hiari yake au anakesha na madaftari kwa sababu mtihani umekaribia. Lugha ilituongezea kujisomea, ikatia -ji- katikati na -ea mwishoni: asome mwenyewe, na asome kwa ajili yake. Chumba chenye meza na ukimya ambako kila mtu anafungua daftari lake wakati wa prepo kina faida kubwa, hasa kwa mtoto ambaye kwao hakuna umeme. Hicho ni chumba cha kusomea. Kitakuwa maktaba siku mtoto atakapoinuka kwenda rafuni na kurudi na kitabu ambacho hakuna aliyemwagiza.

Kwenye rafu yetu ya 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa Dewey, kuna kitabu kimoja cha hadithi fupi. Karatasi yake ya tarehe ilijaa mihuri pande zote, nikabandika ya pili, sasa iko ya tatu. Mgongo wake nimeushona mara mbili kwa uzi wa nailoni. Jirani yake ni riwaya ya jalada gumu, inang'aa, muhuri ni mmoja tu. Wageni husifu ile inayong'aa. Mimi huwashikisha kile kilichoshonwa.

Mwaka jana kijana wa kidato cha pili alinirudishia riwaya baada ya siku mbili, macho chini, anadhani nitamhoji. Nikamwambia haidhuru, chukua nyingine. Na hiyo ikarudi. Ya tatu alikaa nayo siku kumi na nne zote, akaja kuomba aongezewe muda.

Vitabu hupotea, kwetu pia. Hofu ya mkuu wa shule naielewa, kwa kuwa kikipotea anayeulizwa ni yeye. Ndiyo sababu lipo daftari la kuazimisha: jina, kidato, namba ya kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Kila jioni nalipitia.

Kwa hiyo, mkuu wangu, kama maneno haya yatakufikia: chumba ulichotuonyesha ni stoo nzuri. Ni kikavu, hakina mchwa, dirisha lina nondo. Kiandikwe STOO YA VITABU, hakuna aibu ndani yake. Jina la maktaba lihamie kwenye lile darasa la mwisho ulilosema halitumiki mchana, hata kama mtaanza na rafu mbili na daftari la kuazimisha. Yale maboksi ya Jiografia ya kidato cha tatu hayana haja ya kuhamia huko. Hayo ni ya kugawiwa darasani, na muhula umebakiza wiki tisa.