Mkazo wa oksidisho: vitamini inamfaa nini mvuta sigara?

Juzi kwenye kemisti moja karibu na River Road, kijana wa bodaboda aliweka helmeti kwenye kaunta akasema, "Daktari, nipatie ile vitamini ya kusafisha mapafu." Pakiti ya sigara ilikuwa imechungulia mfukoni. Akapewa kopo la vidonge vya kumumunya, vyenye ladha ya chungwa.

Hakuwa ameota tu. Ovakado ikikatwa asubuhi na kuachwa wazi, kufikia saa sita imeshakuwa kahawia: oksijeni imeifanyia kazi. Ikikamuliwa ndimu hukawia kugeuka. Mwilini kuna mambo yanayofanana na hayo, ingawa si yale yale. Radikali huru ni molekuli zilizopungukiwa elektroni, nazo huipora jirani yoyote iliyo karibu, iwe mafuta ya kuta za seli, protini au DNA. Mwili wenyewe huzitengeneza kila siku, hata huzitumia kuua vijidudu, na una antioksidanti, yaani vitu vya kuzituliza, vitamini C ikiwemo. Radikali zikizidi nguvu za kutulizwa, hapo ndipo tunasema kuna mkazo wa oksidisho.

Sigara huleta radikali hizo kwa matrilioni katika kila mvuto. Isitoshe, moshi huita seli za kinga mapafuni, nazo zikifika huzalisha nyingine. Vitamini C huishia kwenye vita hivyo, ndiyo maana damu ya mvutaji huwa nayo kidogo. Wataalamu wa Marekani humwongezea miligramu 35 kwa siku, juu ya zile 90 za mwanamume au 75 za mwanamke. Hizo 35 ni kipande cha pera tu, wala hazihitaji kopo.

Sasa lile ambalo kaunta haikumwambia. Huko Ufini, wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakimeza kila siku miligramu 20 za beta karotini, antioksidanti ya rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Vitamini E nayo haikuwakinga. Jaribio la Marekani lililochanganya beta karotini na vitamini A likasimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu hiyo hiyo. Inaelekea beta karotini nyingi, ikiwa ndani ya pafu lenye moshi, nayo huoksidishwa na kugeuka mchokozi. Karoti na sukuma wiki hazimo kwenye kesi hii. Kilichopimwa ni vidonge.

Na radikali ni sehemu tu ya moshi. Kaboni monoksidi inayonyang'anya damu oksijeni haitulizwi na vitamini yoyote, wala lami haiyeyuki kwa chungwa.

Kwa hiyo mvutaji anayenunua multivitamini ageuze kopo asome nyuma: vitamini A mara nyingi huwekwa kama beta karotini. La yule kijana lilikuwa na vitamini C pekee. Halitamdhuru, ila mapafu hayasafishwi nalo.