Il posto ya Ermanno Olmi: Ajira ya Kudumu na Gharama Yake

Filamu ya Il posto, yaani nafasi ya kazi, iliyoongozwa na Ermanno Olmi na kutoka mwaka 1961, ina kisa kinachoweza kusimuliwa kwa pumzi moja: Domenico, kijana wa Meda, mji mdogo wa Lombardia, kaskazini mwa Italia, anakwenda Milan kufanya usaili katika kampuni kubwa, na anaajiriwa. Mtazamaji aliyeijua sinema ya Italia kupitia Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica (1948), ambamo baba anaibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kibarua, huenda akadhani kuwa hapa hakuna msiba wowote. De Sica alionyesha nchi iliyotoka vitani ikiwa na njaa ya kazi. Olmi alipiga picha zake uchumi wa kaskazini ya Italia ukiwa unakua kwa kasi na ofisi zikiajiri, akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ni gumu zaidi: mtu akishapata ajira ya kudumu, anatoa nini kwa malipo yake?

Swali hilo hakulitoa vitabuni. Olmi alizaliwa Bergamo mwaka 1931, mwana wa mfanyakazi wa reli, na akiwa bado kijana aliingia katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Milan, ambako mama yake pia alifanya kazi. Ni kampuni hiyohiyo iliyomwezesha kushika kamera, na katika miaka ya 1950 aliitengenezea makumi ya filamu fupi kuhusu shughuli zake. Filamu yake ndefu ya kwanza, Il tempo si è fermato (1959), ilihusu walinzi wa bwawa linalojengwa milimani wakati wa baridi. Kwa hiyo alipofika kwenye Il posto, korido, madawati na desturi za makarani alikuwa anazijua kwa kuziishi.

Sehemu ya usaili inastahili kutazamwa kwa makini. Waombaji wanaketi kimya kufanya swali la hesabu ambalo haliwi na uhusiano wowote na kazi watakayopewa. Kisha wanakunjishwa magoti kupima afya, na hatimaye wanaulizwa maswali ya saikolojia, kama vile iwapo hunywa pombe ili kusahau shida. Olmi haongezi chumvi. Anaiacha kamera ikae juu ya nyuso za watu wanaojitahidi kujibu kwa heshima maswali wasiyoelewa maana yake, na kichekesho kinajitokeza chenyewe, pamoja na uchungu wake.

Siku hiyo Domenico anakutana na Antonietta, msichana ambaye naye anatafuta kazi. Wakati wa mapumziko wanakunywa kahawa kwa haya ya watu wasiozoea migahawa ya mjini, kisha wanatembea Milan iliyochimbuliwa kila upande kwa ujenzi. Wote wawili wanaajiriwa, na hapo ndipo kampuni inapowatenganisha bila kukusudia ubaya: Antonietta anapelekwa kupiga chapa katika jengo jingine, na saa zao za chakula hazilingani. Nafasi ya ukarani haipo, hivyo Domenico anavalishwa sare na kufanywa tarishi, akikaa mezani kando ya mzee anayemfundisha namna ya kusubiri kengele. Katika sherehe ya mwaka mpya ya wafanyakazi anafika peke yake, anapewa chupa ya divai, na kumngoja msichana ambaye haji.

Katikati ya hayo Olmi anafanya jambo la kishujaa kwa mwongozaji mchanga: anamwacha mhusika wake mkuu na kutuonyesha makarani, kwanza ofisini, kisha majumbani kwao. Mmoja hukata sigara zake vipande viwili. Mwingine, mpweke, huandika riwaya usiku katika chumba cha kupanga. Karani huyo anapofariki, karatasi zake zinakutwa kwenye droo, na wenzake wanalogombania ni dawati lake, kwa kuwa wa nyuma wamesubiri miaka mingi kusogea mbele penye mwanga. Domenico anapandishwa cheo kwa kifo hicho na kupewa dawati la mwisho kabisa. Filamu inakoma juu ya uso wake huku mashine ya kurudufu nyaraka ikigonga kwa mdundo uleule, mdundo unaoendelea kusikika kana kwamba ndio saa atakayoishi nayo hadi kustaafu.

Waigizaji wakuu, Sandro Panseri na Loredana Detto, hawakuwa waigizaji wa kitaaluma. Baadaye Detto aliolewa na Olmi. Lamberto Caimi alipiga picha hizo kwa rangi nyeusi na nyeupe, na muziki umetumiwa kwa uchache, ili milango, viatu na mashine visikike. Wanaosema kwamba filamu hii ni ya polepole hawakosei, lakini upolepole huo ndio hoja yenyewe, kwa kuwa anachokinunua mwajiri kwa mtu kama Domenico ni muda wake.

Atakayeimaliza na kutaka kuendelea aitafute I fidanzati (1963), ambamo Olmi anatoka ofisini na kumfuata mchomeleaji wa Milan aliyehamishiwa kiwandani Sisilia, akimwacha mchumba wake kaskazini.