Kwa Nini Akina Mama wa Argentina Walijifunga Nepi Kichwani?

Je, wajua kwamba kitambaa cheupe cha akina mama wa Plaza de Mayo, waliokuwa wakiwatafuta watoto wao waliopotezwa na jeshi, kitambaa kinachojulikana leo duniani kote, mwanzoni kilikuwa nepi ya mtoto?

Machi 24, 1976, jeshi la Argentina liliipindua serikali, na Jenerali Jorge Rafael Videla akashika madaraka. Wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani na waandishi wa habari wakaanza kuchukuliwa majumbani mwao na watu wenye silaha waliovaa kiraia. Katika ESMA, chuo cha ufundi cha jeshi la wanamaji jijini Buenos Aires, walifunikwa macho na kuteswa. Wajawazito waliachwa wajifungue kwanza, kisha watoto wakagawiwa kwa familia nyingine. Wafungwa wengi walidungwa dawa ya usingizi, wakapakiwa kwenye ndege na kutupwa majini wangali hai. Mashirika ya haki za binadamu yanasema waliopotezwa ni 30,000.

Mzazi akienda kituoni kuuliza, aliambiwa mtu huyo hajulikani. Ukatili wenyewe ulikuwa hapo. Bila maiti hakuna kesi wala kaburi, na mama hajui kama aomboleze au aendelee kumwekea mwanawe chakula.

Aprili 30, 1977, wanawake 14 walikutana Plaza de Mayo, mbele ya ikulu. Kwa kuwa ilikuwa marufuku kukusanyika, polisi waliwaamuru wasisimame, watembee. Basi wakatembea, wawili wawili, wakiuzunguka mnara wa uwanja huo. Kila Alhamisi wakarudi.

Nepi ilikuja Oktoba mwaka huohuo, walipokwenda na mahujaji mjini Luján. Walihitaji alama ya kutambuana katikati ya umati, kitu ambacho kila mama angekipata kwake. Nepi za siku hizo zilikuwa vitambaa vya pamba, na wengi walikuwa bado wamezihifadhi zile walizowavisha watoto haohao waliokuwa wakiwatafuta.

Desemba 10, 1977, siku ambayo tangazo lao lenye majina ya waliopotea lilitoka gazetini, mwanzilishi wao Azucena Villaflor naye alikamatwa. Alitupwa baharini, lakini mawimbi yaliurudisha mwili ufukweni, ukazikwa bila jina. Mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2005, na majivu yake yakazikwa chini ya mnara uleule aliouzunguka.