Jenasi ya kisukuku: jinsi mti wa maua uliotoweka unavyotambuliwa na kupewa jina

Jenasi ni ngazi ya uainishaji iliyo juu ya spishi na chini ya familia, nayo hukusanya pamoja spishi ambazo zimetokana na asili moja ya karibu. Mtaalamu wa botania anayeeleza jenasi mpya ya miti hai huwa na mti mzima mbele yake: huona gome, tawi, jani, ua na tunda vikiwa vimeshikana, na akihitaji kitu zaidi huweza kurudi msituni msimu ujao. Jenasi ya kisukuku huelezwa kutokana na mabaki yaliyohifadhiwa katika mwamba, na mwamba ni nadra sana kuhifadhi mti mzima. Majani huanguka na kuchukuliwa na upepo, petali hupukutika, chavua hupeperushwa mbali, matunda huelea mtoni, na shina huozea pale lilipoangukia. Kila sehemu huzama katika matope kwa njia yake na kwa wakati wake, kwa hiyo mvumbuzi hupata viungo vilivyotawanyika bila dalili ya wazi kwamba vilitoka kwenye mti mmoja.

Ugumu huo unatambuliwa hata katika kanuni za kimataifa zinazosimamia majina ya mwani, kuvu na mimea. Kanuni hizo huruhusu jina la kisukuku lihusu sehemu moja tu ya mmea, au hatua moja ya maisha yake, au namna moja ya kuhifadhiwa kwake. Ndiyo maana jani linaweza kuwa na jina lake la jenasi, tunda likawa na lake na mbao zikawa na lake, ijapokuwa vyote ni vya mti uleule. Msomaji asiyezoea huona kama vurugu, lakini kwa maoni yangu huu ni uaminifu unaostahili kuheshimiwa, kwa kuwa jina linadai kile tu ambacho jiwe limeonyesha.

Maelezo yenyewe huanza na umbo. Katika jani hutazamwa urefu na upana, ncha na kitako, kikonyo, meno ya ukingoni, na zaidi ya yote mpangilio wa mishipa: jinsi vishipa vinavyochepuka kutoka kwenye mshipa mkuu, kama vinafika ukingoni au vinapinda na kuungana kabla ya kufika. Ngozi ya nje ya jani ikiwa imesalia, mpangilio wa seli na stomata (vitundu vidogo vya kupitisha hewa) huchunguzwa kwa hadubini. Hata hivyo jani peke yake ni shahidi dhaifu, kwa sababu familia zilizo mbalimbali kabisa zinaweza kuwa na majani yanayofanana. Ua na tunda vina uzito mkubwa zaidi: idadi ya petali na stameni (viungo vya kiume vinavyotoa chavua), jinsi ovari, yaani sehemu inayobeba mbegu changa, ilivyokaa, namna tunda linavyopasuka, idadi ya mbegu. Chavua ikipatikana ndani ya stameni yenyewe huwa na thamani ya pekee, maana hapo hakuna shaka ni ya ua lipi.

Mfano unaoonyesha kazi hii kwa uzuri ni *Archaeanthus linnenbergeri*, iliyoelezwa mwaka 1984 na David Dilcher na Peter Crane, wataalamu wa visukuku vya mimea, kutokana na visukuku vya jimbo la Kansas nchini Marekani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 100. Kilichopewa jina hilo ni mhimili mrefu uliobeba vitunda zaidi ya 100 vilivyopangwa kwa kuzunguka, kila kimoja kikiwa na kikonyo chake na mbegu ndani. Chini ya vitunda hivyo, mhimili una makovu madogo yanayoonyesha mahali ambapo sehemu nyingine za ua zilikuwa zimeshika kabla ya kuanguka. Katika miamba hiyohiyo kulikuwa na petali zilizoachana na ua, ambazo ziliitwa *Archaepetala*, magamba ya kufunika chipukizi yaliyoitwa *Kalymmanthus*, na majani yaliyogawanyika pande mbili kwa mpasuko wa kina kutoka kwenye ncha, yaitwayo *Liriophyllum*. Watafiti waligundua kwamba viungo hivi vyote vina chembechembe za utomvu zinazofanana, na kwamba vinapatikana pamoja. Kutokana na ushahidi huo walijenga upya mmea mmoja wenye ukaribu na kundi la magnolia, huku kila kiungo kikibaki na jina lake.

Ushahidi wa kuunganisha viungo hauna nguvu sawa. Kukutwa pamoja mara kwa mara, katika maeneo kadhaa, ni dalili nzuri, ila miti miwili iliyoota ukingo mmoja wa ziwa nayo ingeacha dalili hiyohiyo. Muundo wa ndani unaofanana, kama utomvu wa Kansas, huongeza uhakika. Kilicho bora kupita vyote ni kuvikuta viungo vikiwa bado vimeshikana. Bahati hiyo ilipatikana kwa *Fagopsis*, jenasi iliyotoweka ya familia ya mwaloni, kutoka Florissant, Colorado, ambako matope na majivu ya volkano yalitua chini ya ziwa yapata miaka milioni 34 iliyopita. Majani yake yalijulikana mapema, kisha mwaka 1983 Steven Manchester na Crane wakaeleza vitawi vilivyobeba majani, maua na matunda kwa pamoja.

Ili jina likubalike, lazima kuwe na maelezo yanayotenganisha jenasi mpya na zile zinazoikaribia, picha au mchoro wa sifa zake muhimu, na kielelezo-msingi, yaani sampuli ambayo jina limefungwa nayo, kilichotunzwa mahali panapojulikana ili wengine waweze kukikagua.

Kusema kwamba jenasi imetoweka maana yake ni kwamba mchanganyiko wa sifa zake hauonekani katika jenasi yoyote hai inayojulikana. Kauli hiyo inaweza kusahihishwa. *Metasequoia*, ambayo si mti wa maua bali ni wa jamii ya misonobari, ilielezwa na mtaalamu wa botania wa Japani, Shigeru Miki, mwaka 1941 kutokana na visukuku, na katika muongo huohuo miti yake hai ikatambuliwa nchini China.

Maelezo mazuri pia huacha nafasi wazi pale ambapo jiwe halisemi kitu. Kuhusu *Archaeanthus*, makovu yanatuambia stameni zilikaa wapi. Rangi ya petali zake haimo katika maelezo.