Tusi lisilo na mvaaji

Kazi yangu ya kwanza ya sanaa kuhusu matusi ya mtandaoni ilikwama kwa sababu watu walicheka. Msichana mmoja wa Ng'ambo aliporomoshewa maneno chini ya picha yake ya uchumba. Kwa ruhusa yake niliyakusanya, nikayamulika kwa projekta kwenye ukuta wa chokaa hapa Mji Mkongwe, moja baada ya jingine, na mlio wa simu kila linapoingia. Kufika la tatu, waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Lilikuwa tusi kali, lakini limepangwa kwa ufundi, na Mzanzibari mbele ya maneno yaliyopangwa hujizuia kwa shida. Mwenyewe alikaa safu ya mbele. La nne hakulisubiri.

Ndilo tatizo la sanaa hii: ukilionesha tusi umelituma tena. Wasanii Zach Blas na Jemima Wyman walilikabili kivingine. Mwaka 2016 Microsoft iliweka Twitter programu ya mazungumzo iitwayo Tay, inayojifunza kwa kuongea na watu. Wakaifundisha ubaguzi, na siku haikutimia ikazimwa. Mwaka 2017 wasanii hao, katika video ya skrini nne iitwayo im here to learn so :)))))), walimfufua Tay, uso umepotoka, azungumzie yaliyomkuta. Anayepewa nafasi ya kusema ni aliyetumiwa.

Mimi jibu nililipata karibu zaidi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alitungiwa maneno ya kumsimanga kuwa ni wa shamba, mvaa kaniki, bila sauti angekula nini. Naye akajibu kwa wimbo kuwa sura na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Siku hizo msema na msemwa walikuwa mji mmoja. Kwenye taarabu, anayeinuka kutunza ubeti uliomkuna anaonwa na ukumbi mzima. Kanga yenye jina kali nayo haijipeleki; mvaaji lazima apite nayo mlangoni pako kwa miguu yake. (Wanaosema mipasho ndiyo iliyozaa matusi ya Instagram sidhani kama wamewahi kuifunga kanga hiyo.)

Basi nikayachapisha maneno yale yale yawe majina ya kanga: pindo, mji, na tusi pahala pake. Nikazianika kwenye kamba uani, mbele ya kioo na kamera, na kibao: chagua, jifunge, pita. Sura ya kila apitaye ingetokea ukutani.

Siku mbili ukuta mtupu. Vijana wawili walishika moja, wakasoma, wakatazamana, wakairudisha.

Siku ya tatu akaja bibi mmoja. Alianza na rangi, akapapasa pindo, ndipo akasoma, polepole.

"Mwanangu, mbona kipande kimoja? Hakina mwenziwe wa doti?"

"Cha pili kipo nyumbani, bibi."

"Si umpelekee mwenye maneno yake."

"Simjui. Ameweka picha ya waridi."